Mwanao anataka kucheza mpira Uingereza? Soma kwanza safari ya Bigirimana

Jioni malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka daraja la Rusumo, vijana wa pale huwa uwanjani. Uwanja wenyewe ni kipande chochote kilicho tambarare, magoli ni mawe mawili, na jezi ni zile za mitumba zenye majina ya Saka, Rashford na Salah mgongoni. Ukimuuliza mtoto wa miaka 13 anataka kuwa nani, hatakwambia daktari. Atakwambia anakwenda kucheza Uingereza.

Mzazi husikia, hucheka, huendelea na shughuli zake. Tabu huanza siku mtoto anaporudi nyumbani na namba ya simu ya "wakala".

Wiki hii ukurasa huu unamzungumzia mchezaji mmoja ambaye mashabiki wa Yanga wanamfahamu, ingawa wengi walimwona kwa muda mfupi tu. Ni Gaël Bigirimana, kiungo kutoka Burundi. Tumemchagua kwa sababu alitoka jirani, alifika huko wanakokuota watoto wetu, na maisha yake ya mpira yanafanana zaidi na ya wachezaji walio wengi kuliko ya akina Mbwana Samatta. Jina lake, kwa msomaji wa Ngara anayezungumza Kihangaza, halihitaji mkalimani.

Mtoto wa Oktoba 1993

Bigirimana alizaliwa Bujumbura tarehe 22 Oktoba 1993. Wazee wa Ngara wanajua wiki hiyo ilikuwaje. Siku moja kabla, tarehe 21, Rais Melchior Ndadaye aliuawa katika mapinduzi, na nchi ikaingia vitani. Watu kwa maelfu walianza kuvuka mpaka kuja Kagera na Kigoma. Miezi sita baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, ikawa zamu ya Wanyarwanda. Takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, na Benako ikageuka kuwa mji wa maturubai. Kambi ya Lukole ya Warundi ilikuja kuwa sehemu ya maisha ya Ngara kwa miaka mingi baada ya hapo. Watoto waliozaliwa mwaka ule, wa upande huu na wa upande ule, ndio wazazi wa leo wanaosoma makala hii kwenye simu.

Familia ya Bigirimana iliishia Uingereza. Yeye alifika mji wa Coventry mwaka 2004, akiwa na miaka 10, kama watoto wengine wa familia zilizokuwa zinaomba hifadhi. Hakuitwa na klabu, na hakuna wakala aliyemleta. Alikwenda kwa sababu familia yake ilikwenda. Shika hilo, mzazi, maana tutalirudia.

Kisa chake cha kuanza mpira kimesimuliwa mara nyingi katika magazeti ya Uingereza. Alitumwa dukani na nyumbani. Njiani akaona kituo cha vijana cha klabu ya Coventry City, akaingia, akaomba afanyiwe majaribio. Wakamkatalia mwanzoni, kwa kuwa mtoto haokotwi tu mlangoni. Lakini hakuondoka kirahisi, na mwishowe wakampa nafasi. Wengine huongeza chumvi katika kisa hiki, ila msingi wake ndio huo: mtoto aliyekuwa akiishi karibu na kituo aligonga mlango. Kama angekuwa anaishi mbali na pale, hata mwendo wa saa moja tu, leo tusingekuwa na la kuandika.

Mwaka mmoja wa juu

Agosti 2011, akiwa na miaka 17, alianza kucheza timu ya wakubwa ya Coventry, iliyokuwa ligi ya Championship. Hilo ni daraja la pili la England. Ligi Kuu ina timu 20. Chini yake kuna madaraja matatu yenye timu 24 kila moja: Championship, League One na League Two. Jumla ni timu 92, na chini ya hizo ipo National League, yaani daraja la tano, kisha mengine mengi ambayo wachezaji wake wana kazi za mchana kama watu wengine. Mtoto wako anaposema "Uingereza", yeye anaona zile timu 20. Kazi nyingi za mpira ziko kwenye hizo nyingine.

Msimu ule Coventry ilishuka daraja, lakini kinda yule aling'ara. Alikuwa kiungo wa kukaba, mwenye mapafu, anayekimbia dakika 90 bila kulalamika. Alichaguliwa mwanafunzi bora wa mwaka wa Championship, tuzo wanayopewa vijana walioko katika mafunzo ya klabu. Neno "mwanafunzi" hapo halikuwekwa kama pambo. Kijana wa miaka 16 anayechukuliwa na akademi ya klabu ya England huingia mpango wa miaka miwili ambao ndani yake kuna mpira na kuna darasa. Wenyewe wameshapiga hesabu kwamba wengi wa vijana hao hawatapewa mkataba wa kulipwa. Kwa hiyo wanapofika miaka 18 lazima wawe na kitu kingine mkononi. Mzazi wa Rusumo anayeambiwa "mwondoe shule, mpira unataka muda" na aulize ni kwa nini waliouanzisha mpira huo hawawaondoi wa kwao.

Julai 2012 Newcastle United, timu ya Ligi Kuu, ikamnunua na kumpa mkataba wa miaka mitano. Alikuwa na miaka 18. Aliingia katika vitabu kama Mrundi wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tarehe 3 Desemba 2012, Newcastle ikicheza na Wigan nyumbani, alipiga shuti la mbali likajaa wavuni, na mchezo ukaisha 3-0. Nadhani hapo ndipo video fupi za mitandaoni zingeishia, na maandishi makubwa ya "usikate tamaa".

Lakini maisha ya mpira yaliendelea.

Pale Newcastle katikati ya uwanja walikuwapo Yohan Cabaye na Cheick Tioté, watu wazima wa timu za taifa za Ufaransa na Ivory Coast. Agosti hiyohiyo klabu ikamsajili Vurnon Anita kutoka Ajax. Januari 2013, timu ikiwa hali mbaya, ikanunua wachezaji watano kutoka Ufaransa kwa mpigo, akiwamo Moussa Sissoko. Kijana wa miaka 19 hakufanya kosa lolote. Foleni tu iliongezeka mbele yake. Alimaliza msimu akiwa na mechi 13 za Ligi Kuu, na misimu iliyofuata akawa wa timu ya akiba zaidi kuliko wa timu kubwa. Mkataba ulikuwapo, mshahara ulikuwapo, mechi hazikuwapo. Kwa mchezaji wa umri ule kukosa mechi ni kama mwanafunzi kukaa nje ya darasa miaka miwili.

Mwanzoni mwa 2015 alipelekwa Rangers ya Scotland kwa mkopo, pamoja na wenzake wanne wa Newcastle. Vipimo vya afya vikaonyesha tatizo ambalo halikuwa limegunduliwa kabla. Hakucheza hata mechi moja Rangers.

Miaka ya kuhamahama

Huku kwetu mchezaji akishuka kutoka Ligi Kuu husemwa "amekwisha". Mimi naona miaka iliyofuata ndiyo inayoonyesha kazi hii ni kazi gani.

Alirudi Coventry. Klabu ile ilikuwa imepitia matatizo makubwa ya fedha, hadi msimu wa 2013-14 mechi zake za nyumbani ilizichezea mji mwingine, Northampton. Aliporudi ilikuwa League One, daraja la tatu, na msimu wa 2016-17 ikashuka tena hadi la nne. Lakini ndani ya msimu huohuo mbaya, tarehe 2 Aprili 2017, Coventry ilicheza fainali ya EFL Trophy, kombe la timu za madaraja ya chini, katika uwanja wa Wembley, mbele ya watu zaidi ya 74,000. Dakika ya 11 Bigirimana akafunga bao la kwanza. Coventry ikashinda 2-1 dhidi ya Oxford United. Mtoto aliyetumwa dukani akafunga Wembley kwa ajili ya klabu ya mtaani kwake.

Miezi michache baadaye alikuwa amehama tena. Akaenda Motherwell, Scotland, ambayo katika msimu mmoja ilifika fainali mbili za makombe na zote ikafungwa 2-0 na Celtic. Mwaka 2019 akapelekwa Hibernian ya Edinburgh kwa mkopo. Akapita Solihull Moors, timu ya daraja la tano England. Akavuka bahari hadi Belfast, Ireland Kaskazini, kuchezea Glentoran. Julai 2022 Yanga ikamtangaza, akatua Dar es Salaam akiwa na miaka 28. Jangwani napo alikuta foleni: Khalid Aucho, Yannick Bangala, Feisal Salum, Stephane Aziz Ki. Hakupata namba ya kudumu, na haikupita muda mrefu akarudi Ireland Kaskazini, safari hii Dungannon Swifts.

Hesabu mwenyewe. Ni klabu tisa katika nchi nne, na kila moja inamtaka mtu atafute nyumba upya, azoee kocha mpya, na kama ana watoto awatafutie shule. Wachezaji wengi wa madaraja ya chini husaini mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Kila msimu unapoisha, mwezi Mei, klabu za England hutangaza hadharani orodha ya wanaobaki na wanaoachwa. Baba mwenye watoto wawili hulisoma jina lake kwenye orodha hiyo kama mtumishi anayesoma tangazo la kupunguzwa kazini. Juni anaanza kupiga simu. Mwalimu wa shule ya msingi Rusumo, kwa mshahara wake tunaoulalamikia, ana kitu kimoja ambacho mchezaji wa League Two hana: anajua mwakani atakuwa wapi.

Sisemi hayo ili kuwavunja moyo watoto. Bigirimana amelipwa kwa kucheza mpira tangu akiwa kijana mdogo, amefunga Ligi Kuu, amefunga Wembley, na mwaka 2019 alikuwa katika kikosi cha Burundi kilichokwenda AFCON kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, kule Misri. Sisi pia tulikuwapo mwaka huo, baada ya kukosa tangu 1980. Burundi ilifungwa na Nigeria, Madagascar na Guinea, sisi tukafungwa na Senegal, Kenya na Algeria, kila mtu akarudi kwake. Kwa mtoto aliyezaliwa siku moja baada ya rais wake kuuawa, hayo si maisha ya kushindwa. Nasema tu kwamba mzazi akiambiwa "mpira wa Uingereza" apige picha ya maisha haya, asipige picha ya jumba na magari.

Nahodha wa Burundi kule Misri alikuwa Saido Berahino. Naye alizaliwa Bujumbura mwaka huohuo wa 1993, baba yake aliuawa vitani, naye alifika Uingereza akiwa na miaka 10. Alipanda juu zaidi ya mwenzake. Alifunga mabao mengi West Bromwich Albion, akaitwa timu ya taifa ya England mwaka 2014, na Januari 2017 Stoke City ikamnunua kwa pauni milioni 12. Pale Stoke mabao yakakauka. Watoto wawili wa mji mmoja na vita moja, mmoja akapanda taratibu na kushuka taratibu, mwingine akapanda kwa ngazi ndefu na kushuka ghafla. Hakuna aliyeweza kutabiri.

Walifikaje huko?

Hapa ndipo nataka mzazi asome polepole.

Bigirimana alifika Uingereza na familia. Berahino vilevile. Adi Yussuf, mshambuliaji mzaliwa wa Zanzibar, alilelewa akademi ya Leicester City, kisha akazunguka Mansfield Town, Solihull Moors, Blackpool na Wrexham. Haji Mnoga, beki wa Taifa Stars, alizaliwa Portsmouth na kuanzia klabu ya huko. Tarryn Allarakhia, kiungo wetu mwingine, amekulia huko na amepita Crawley Town, Wealdstone na Rochdale. Amevaa jezi ya Taifa Stars akiwa mchezaji wa daraja la tano, na hakuna aliyemcheka. Katika hao wote hakuna hata mmoja aliyechukuliwa kutoka kijijini Afrika Mashariki akiwa na miaka 15 na wakala aliyelipwa na mama yake.

Wala si bahati mbaya. Ni sheria. Kanuni za FIFA kuhusu uhamisho, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Kuna vighairi vichache. Kimoja ni wazazi kuhamia nchi ile kwa sababu zisizohusu mpira. Kingine ni mtoto aliyelazimika kukimbia nchi yake kwa usalama wa maisha. Kipo cha nchi za Ulaya zenyewe kwa zenyewe kuanzia miaka 16, na tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, yaani kuanzia 1 Januari 2021, klabu za England hazinufaiki nacho tena. Klabu ya England leo haiwezi kumsajili kijana wa kigeni aliye chini ya miaka 18 hata akitokea Ufaransa, sembuse Rulenge.

Akishatimiza 18 je? Anahitaji kibali cha chama cha mpira cha England, na kwa kawaida kibali hicho hutolewa kwa pointi: mechi za timu ya taifa, ubora wa ligi anayotoka, dakika alizocheza. Zipo nafasi chache maalumu kwa wasiofikisha pointi, lakini ni klabu yenyewe inayoziomba kwa mchezaji inayemtaka sana. Samatta alipokwenda Aston Villa Januari 2020 alikuwa nahodha wa Taifa Stars, ameshachukua ubingwa wa Afrika na TP Mazembe na amefunga mabao kibao Genk ya Ubelgiji. Hiyo ndiyo njia ya Mtanzania aliyekulia Tanzania: ligi ya hapa kwanza, kisha nchi nyingine, kisha nyingine. Kwa mkoa wa Kagera inaanzia UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule tunayoyadharau, halafu ligi ya wilaya, ya mkoa, hadi timu kama Kagera Sugar pale Kaitaba.

Sasa mrudie yule "wakala" wa kwenye simu. Ana picha ya wasifu yenye nembo ya klabu kubwa. Amemwona mwanao "kwenye video". Anasema kuna majaribio London mwezi ujao, mtoto ana miaka 15, nafasi zimebaki mbili. Kwanza hela ya fomu. Kisha hela ya barua ya mwaliko. Kisha viza. Mzazi anauza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha anaanza kukitazama kile kipande cha shamba la kahawa. Ukiijua kanuni ya 18, mazungumzo hayo yanaisha katika sentensi moja: "Mwanangu ana miaka 15, klabu ya England itamsajilije?" Na klabu ya kweli haimtozi mzazi hela ya majaribio. Klabu nyingi za Ligi Kuu zimeweka tahadhari kwenye tovuti zao kuhusu matapeli wanaotumia majina yao. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na orodha yao iko wazi mtandaoni, jina kwa jina. Tena kwa mtoto mdogo hawezi kufanya naye lolote bila ridhaa ya mzazi ya maandishi.

Kuna ubaya zaidi ya hela. Wapo vijana wa Afrika waliofikishwa nchi za watu kwa viza ya utalii, "wakala" akapotea siku ya pili, mtoto akabaki hana nauli, hana karatasi, na anaona aibu kupiga simu nyumbani kwa sababu anajua kilichouzwa. Mzazi unayesoma hapa, kama umeshatoa hela, mwambie mwanao leo kwamba hata mambo yakiharibika arudi, hutamdai ng'ombe. Maneno hayo yanaweza kumrudisha.

Kighairi kimoja kinachotuhusu Rusumo

Katika kile kifungu cha 19 kuna kipengele ambacho mtu wa Dar es Salaam hana haja nacho, lakini wa Rusumo, Kabanga au Murusagamba anacho. Mtoto anayeishi umbali usiozidi kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo pia ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo, ilimradi umbali kati ya nyumbani na klabu usizidi kilomita 100. Sharti ni kwamba mtoto aendelee kulala nyumbani kwao, na vyama vya mpira vya nchi zote mbili vikubali.

Maana yake, kijana wa Rusumo anaweza kihalali kuchezea timu ya vijana Kirehe, ng'ambo ya daraja, na wa Kabanga akachezea Muyinga. Watoto wetu wengi huvuka kucheza mechi za kirafiki na kurudi, tena lugha haiwapi shida. Sijui kama ni viongozi wangapi wa mpira wilayani wanaokitumia kipengele hiki kwa karatasi, badala ya kupeana watoto kwa maneno tu. Ningekuwa mjumbe wa chama cha mpira Ngara, hili lingekuwa ajenda yangu ya kwanza.

Karatasi za kuweka kabatini

Kwa nini karatasi? Kwa sababu mpira wa leo unalipa kwa kumbukumbu. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka alipotimiza miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, klabu iliyokuwa naye hupata robo asilimia ya bei. Kuanzia 16, nusu asilimia kwa mwaka. Tuchukue mchezaji aliyeuzwa kwa shilingi bilioni 2. Timu ya Rusumo iliyomsajili rasmi alipokuwa na miaka 14 na 15 inadai shilingi milioni 10. Hizo ni jezi, mipira, nyavu na nauli za misimu kadhaa. Kama jina lake halikuwahi kuingia katika mfumo wa usajili wa TFF, timu haina cha kudai, hata kama kijiji kizima kitaapa kwamba alikulia pale. Bigirimana alipouzwa Newcastle hakuna timu ya Bujumbura iliyokuwa na haki ya mgawo, kwa kuwa aliondoka Burundi kabla ya miaka 12.

Pamoja na usajili, kuna cheti cha kuzaliwa. Hili ni jambo linalowaumiza watoto wengi wa mpakani, kwa sababu kina mama wengi walijifungulia nyumbani na cheti hakikufuatiliwa. Mtoto akifika miaka 16 akahitajika timu ya mkoa, ndipo mbio zinaanza, na kwenye mbio hizo yupo kocha atakayeshauri "tumpunguzie miaka mitatu". Usikubali. Siku hizi mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17 hupima mfupa wa kiganja kwa mashine, na anayeonekana amevuka umri huondolewa. Tena mtoto mwenye tarehe mbili za kuzaliwa, moja ya shule na nyingine ya mpira, atakwama siku ya kitambulisho cha NIDA, atakwama siku ya pasipoti, na kesi hiyo atahangaika nayo hata kama mpira alishauacha. Nenda ofisi ya RITA wilayani na kadi ya kliniki sasa, mtoto akiwa na miaka 8, pasipo haraka ya mtu yeyote.

Vyeti vya shule viwekwe hapohapo, na ripoti za majeraha nazo. Goti lililovimba akiwa na miaka 14 lipelekwe hospitali likaandikwe, lisiachiwe mchua misuli wa mtaani. Kijana anayekwenda timu kubwa hupimwa mwili mzima, na tumeona jinsi vipimo vya Rangers vilivyogundua jambo ambalo mchezaji wa Ligi Kuu mwenyewe hakulijua.

Kuna wazazi watakaouliza: basi nimwache acheze au nimzuie? Mwache acheze. Nenda kamwangalie, hata mara moja kwa mwezi, hasa baba ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani. Mtoto anayeonwa na mzazi wake uwanjani ni vigumu kutekwa na mtu wa simu, kwa sababu ana mtu wa kumuuliza. Muulize kocha anachezeshwa namba ngapi, anakula nini baada ya mazoezi, nani anamrudisha jioni. Na mkataba wowote ukija, hata wa timu ya daraja la kwanza hapa nchini, usiusaini siku hiyohiyo. Upeleke kwa mwanasheria au mwalimu anayeujua vizuri Kiingereza, usomwe kwa sauti, tarehe ya mwisho wa mkataba izungushiwe kalamu.